Fundi Akisema "Imekufa, Tuifute Tu", Mwambie Asubiri

1.
Humu mmezoea niwaandikie habari za homa, chanjo na kitovu cha mtoto mchanga. Leo naandika kuhusu kompyuta, na msiniambie nesi kavuka mpaka. Wengi wenu simu ilishajaa zamani. Picha za mtoto, kuanzia ile ya ultrasaundi mpaka ya kuhitimu chekechea, mmezihamishia kwenye laptopu. Siku laptopu ikigoma kuwaka, mnaipeleka kwa fundi. Mnarudi keshokutwa mnaikuta inawaka vizuri, tupu, kama imetoka dukani leo. Halafu mnasema asante na mnalipa.

Mimi nasema hapana. Hakuna fundi mwenye haki ya kufuta kumbukumbu za familia yako kabla hajajaribu njia isiyofuta, na kabla hajakuuliza wewe mwenye mali. Njia hiyo ipo. Mafundi wengi wanaijua. Wengine wanairuka kwa sababu tu sisi hatuulizi.

Nimegawa vipande kumi na mbili. Hifadhi, usome mtoto akilala.

2.
Kwanza tuelewane kuhusu mgonjwa mwenyewe. Nazungumzia zaidi MacBook, kwa sababu zimejaa kwenye mitumba na wanafunzi na wafanyakazi wengi wanazinunua. MacBook Air na MacBook Pro zilizotoka kati ya 2018 na 2020 zikiwa na prosesa ya Intel zina chipu nyingine ndani, inaitwa T2. Ilianza kwenye iMac Pro mwishoni mwa 2017.

Kazi ya T2 ni ulinzi. Inakagua kama programu inayotaka kuiwasha kompyuta ni halali. Inatunza alama ya kidole chako. Na kila unachohifadhi, inakiandika kwa maandishi ya siri ambayo ufunguo wake unakaa kwenye chipu hiyohiyo. Ina programu yake ndogo ya kuiendesha, inaitwa bridgeOS. Hiyo si ile unayoiona kwenye skrini. Iko chini kabisa, inaamka kabla ya vingine vyote.

Mac zilizoanza na M1, Novemba 2020 kuja huku, hazina T2, kazi hiyo imeingizwa ndani ya chipu kuu. Lakini ninayoyasema leo yanazihusu hizo pia.

3.
Sasa ugonjwa. Programu ya chipu ikiharibika, kompyuta haiwaki. Skrini nyeusi. Unabonyeza, unashikilia, unaomba Mungu, kimya. Mtu yeyote angesema imekufa.

Inaharibikaje? Mara nyingi ni pale apdeti inapokatishwa njiani. Kompyuta iko katikati ya kujisasisha, moto unakata. Utaniambia laptopu ina betri. Ni kweli, lakini betri ya mtumba iliyochoka inazima dakika ileile umeme unapokatika, na hapo programu imeandikwa nusu.

Wakati mwingine hata mtumiaji hana kosa lolote. Oktoba 2021 Apple walitoa macOS Monterey, na baadhi ya watu wenye kompyuta za T2 wakaisasisha, zikagoma kuwaka kabisa. Novemba mwaka huohuo Apple wenyewe wakakiri kuwa tatizo lilikuwa kwenye programu ya chipu ya T2, wakasema wamelirekebisha. Bodi za watu hao hazikuwa zimeungua. Ilikuwa programu.

Kwa hiyo skrini nyeusi peke yake haithibitishi kifo. Wodini hatuandiki "amefariki" kwa kumtazama mtu kwa mbali tokea mlangoni. Tunasogea, tunapima.

4.
Dawa yake ni kompyuta ya pili. Hapa ndipo naomba umakini wako wote.

Mac iliyogoma inaunganishwa kwa waya na Mac nyingine nzima yenye intaneti. Ile nzima inapakua programu ya chipu kutoka Apple na kuiandika upya kwenye ile mgonjwa. Kuna njia mbili za kufanya hivyo, na majina yake yanaandikwa kwenye skrini kwa Kiingereza, basi yakariri kama unavyokariri dozi.

REVIVE: inaandika upya programu ya chipu pamoja na ile sehemu ya dharura ya kurekebishia kompyuta. Haigusi picha zako. Haigusi video, wala tasnifu ya chuo, wala chochote ulichohifadhi.

RESTORE: inaandika upya programu ya chipu NA inafuta kila kitu kilichomo kwenye hifadhi ya ndani.

Maelekezo ya Apple yanataka uanze na Revive. Ikishindikana ndipo uende Restore. Huu ndio utaratibu wa mtengenezaji mwenyewe, sijautunga mimi.

Sasa sikia linalonichoma. Vifaa ni vilevile. Kompyuta ya pili ni ileile, waya ni uleule. Kwenye Mac zenye macOS Sonoma na kuendelea, kazi hii inafanyika kwenye Finder, na vitufe vyote viwili viko kwenye dirisha moja: Revive Mac na Restore Mac. Kati ya picha za mwanao kubaki na kupotea, tofauti ni kidole kimebonyeza wapi.

5.
Mwenzangu mmoja wa zamu ameniruhusu nisimulie yake bila jina. Alikuwa na MacBook Air ya 2019, mtumba. Simu yake iliibiwa kwenye daladala, kwa hiyo miaka mitatu ya kwanza ya binti yake ilibaki kwenye laptopu tu. Usiku mmoja kaweka apdeti, umeme ukakatika, betri ikazima. Asubuhi haiwaki.

Akaipeleka kwa fundi. Baada ya siku mbili kapigiwa: "Dada njoo, iko poa, chipu ilikuwa imekufa nimeiflashi." Kafika, inawaka, haina kitu. Akauliza picha ziko wapi. Jibu: "Hizo zilishaondoka na chipu, dada."

Si kweli. Chipu iliyopokea programu mpya kupitia waya na ikawasha kompyuta ni chipu hai. Alipombana kama alijaribu Revive kwanza, fundi kasema, nanukuu kama nilivyosimuliwa, "ile inazingua, hii ya kufuta ni ya uhakika." Yaani alikuwa na Mac ya pili mezani, alikuwa na waya mkononi, kitufe cha Revive kilikuwa mbele ya macho yake. Akachagua kilichomrahisishia yeye.

Inawezekana Revive ingegoma. Sikatai. Lakini ingejaribiwa! Na kama imegoma, simu moja tu: "Dada, imebaki njia ya kufuta, nifute au niache?" Hakupewa hata hiyo.

6.
Hospitali, kabla ya upasuaji, mgonjwa au ndugu yake anaelezwa na anasaini fomu ya ridhaa. Hata kama daktari bingwa ana haraka. Hata kama upasuaji wenyewe ni mdogo. Kwa nini? Kwa sababu mwili ni wa mgonjwa, na kuna vitu vikishakatwa havirudi.

Restore nayo hairudi nyuma. Na kwenye kompyuta hizi ni mbaya kuliko ile ya zamani tuliyoizoea ya "kupiga Windows". Zamani ukifuta kwa bahati mbaya, fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili angeweza kukuokolea kidogo. Hapa kila kitu kiliandikwa kwa siri na ufunguo uko kwenye chipu. Restore ikishapita, ufunguo wa zamani haupo tena. Hakuna mtaalamu wa kukurudishia, awe wa Kariakoo, Nairobi au Dubai.

Anayefuta bila kuuliza ameamua jambo lisilo lake. Tusiliite "usumbufu mdogo". Wazazi wengine, mtoto hayupo tena, na picha ndizo pekee walizobakiwa nazo. Fundi hajui laptopu ya nani ina picha za namna hiyo. Ndiyo maana anatakiwa kuuliza kila mtu.

7.
Nimeyasikia majibu yenu mafundi, na nawaheshimu, maana kazi yenu ni ngumu na wateja tuna maneno. Tujibizane.

"Mteja anataka kompyuta iwake, hakutaja picha." Hakutaja kwa sababu hajui kwamba kuna njia mbili. Mgonjwa asiyejua jina la dawa hajaruhusu apewe yoyote.

"Revive inachukua muda na wakati mwingine inakwama." Ikikwama inarudiwa. Ukikwama kabisa, unapiga simu. Mteja akisema "futa", unafuta kwa amani, na hakuna wa kukulaumu.

"Ni picha tu, watu wamepoteza makubwa." Anayesema hivi mara nyingi si yeye aliyekesha na huyo mtoto.

"Mimi sina Mac ya pili." Basi hujapewa mgonjwa wako. Mwambie mteja ukweli, mwelekeze kwa mwenye nayo. Zahanati ikishindwa inatoa rufaa, wala haifichi kwamba imeshindwa.

8.
Uongo mwingine wa kuukataa: "Niachie, nitatoa diski niichomeke kwenye kompyuta nyingine, nikutolee picha."

Kwa kompyuta ya zamani sawa, diski inachomoka na inasomeka kwingine. Kwa MacBook za T2 haiwezekani. Kwanza hifadhi imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, haichomoki. Pili, hata ungeibandua kwa moto, kilichomo ni maandishi ya siri yasiyosomeka bila chipu yake. Anayekuambia atakutolea diski ya mashine hii, ama hajui mashine aliyoishika, ama anataka hela ya kuanzia. Kwa vyovyote, chukua kompyuta yako uondoke nayo taratibu.

Na msiichukie chipu kwa hilo. Ulinzi huohuo ndio unaomzuia mwizi aliyebeba laptopu yako asibandue hifadhi akaanza kutazama picha za mwanao akiwa kwenye beseni la kuogea. Mimi mlinzi namtaka. Ninachokataa ni mlinzi kuugua halafu mtu aamue kuichoma nyumba nzima.

9.
Apple nao wasikae pembeni kama hawahusiki. Mmetengeneza kompyuta ambayo ikipata hitilafu ya programu, kwa njia yenu rasmi haifufuki bila kompyuta nyingine ya kwenu. Familia yenye Mac moja, iliyonunuliwa kwa kuunga unga, itaitoa wapi ya pili? Huko kwenye maduka yenu mtu anaingia, anahudumiwa. Afrika nzima hamna duka lenu hata moja. Sisi tunabaki na mtaa.

Maelekezo mmeyaweka wazi, na nawashukuru. Programu ya Apple Configurator mnaitoa bure, sawa. Lakini kwa nini kazi hii isifanyike rasmi kwa kompyuta ya Windows, ambayo jirani yangu anayo? Mlinzi mmemtengeneza ninyi. Basi na matibabu yake yafike tunakoishi.

10.
Kama una ndugu, shemeji au mfanyakazi mwenzako mwenye Mac, jambo hili linaweza kufanyika mezani kwako. Kwa ufupi:

Mac nzima iwe na intaneti ya kutosha, maana inapakua faili kubwa, andaa bando. Iwe na macOS Sonoma au mpya zaidi, au la, iwekewe Apple Configurator kutoka App Store.

Waya uwe wa USB-C unaochaji na kupitisha data. Ule wa Thunderbolt haufai kwa kazi hii, ingawa kichwa chake kinafanana. Hapa wengi wanakwama halafu wanasema bodi imekufa.

Mac mgonjwa ichomekwe kwenye umeme, na waya uingie kwenye tundu lake maalumu, si lolote tu. Kisha inaingizwa kwenye hali inayoitwa DFU. Kwa laptopu za T2 unashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na Shift ya kulia, Option ya kushoto na Control ya kushoto. Tundu na sekunde hutofautiana kwa modeli, kwa hiyo fungua ukurasa wa msaada wa Apple wa modeli yako na ufuate neno kwa neno.

Skrini ya mgonjwa itabaki nyeusi. Usishtuke. Utaangalia ile nzima: ikimwona mwenzake, chagua REVIVE. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza, kama unavyosoma chupa ya dawa usiku. Usichomoe waya mpaka imalize.

Ikigoma, rudia. Ikiendelea kugoma, simama hapo. Usiguse Restore kwa hasira. Huenda kweli ni bodi, na hilo ni la fundi mzuri kupima.

11.
Na ninyi wenye Windows msicheke, zamu yenu imefika. Kompyuta zenu nazo zina mlinzi, anaitwa TPM, na Windows 11 inamtaka wa toleo la 2.0. Kama hifadhi imefungwa kwa BitLocker, fundi akigusa mipangilio ya chipu hiyo au akiifuta, kompyuta inaweza kukuamkia ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Huna ufunguo, huna picha.

Wengi mna BitLocker bila kujua, kwa sababu kompyuta nyingi mpya hujifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo mara nyingi unahifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo. Ingia leo, uutafute, uunakili kwenye karatasi, uweke panapokaa kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Sio kesho. Leo, kompyuta ikiwa bado inawaka.

Wenye Mac za mtumba na ninyi: hakikisheni akaunti ya Apple iliyomo ni yenu na nywila mnaijua. Kama mwenye zamani hakuitoa, siku ikifutwa inaweza kumdai yeye, na yeye yuko Uingereza hakujui wala humjui.

12.
Mwisho, maneno ya kumwambia fundi. Nakili, weka kwenye simu:

"Fundi, hii ina T2 au M?"
"Unayo Mac ya pili ya kufanyia Revive?"
"Ukishindwa Revive, utanipigia kabla ya Restore?"
"Naomba uandike kwenye risiti: USIFUTE BILA KUNIPIGIA SIMU."

Hiyo ya mwisho usiiache. Maneno ya mdomo yanasahaulika, risiti haisahau. Nywila yako usimwandikie kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya laptopu; Revive yenyewe haiihitaji, na ikiwaka utaandika mwenyewe. Fundi akikasirika kwa maswali manne, huyo si wako. Fundi mzuri atafurahi, maana atajua anafanya kazi na mtu anayeelewa.

Ila ukweli wa mwisho ni wetu sisi. Picha iliyoko mahali pamoja tu inasubiri siku yake. Nunua diski ya nje, Mac inayo Time Machine ndani yake, inakunakilia yenyewe ukishaipanga. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, iCloud inakupa GB 5. Hazitoshi kwa video zote, lakini zinatosha kwa zile picha hamsini ambazo zikipotea utalia. Anza na hizo hamsini. Nakala moja ikae nje ya nyumba, kwa bibi au kwa dada yako, maana mwizi na moto havichagui.

Tunachanja mtoto akiwa mzima, hatusubiri surua iingie ndani. Usiku wa leo, mtoto akishalala, nakili hizo hamsini. Halafu mtumie uzi huu mama mmoja mwenye laptopu iliyozima kabatini, aliyeambiwa imekufa. Huenda haijafa, na huenda hakuna aliyeipima.